Asubuhi Isiyo na Kitendawili

Kwetu Kasongo, mutu aliyetaka kujua kama siku imeamka vizuri hakuangalia mawingu. Alisikiliza kitendawili.

Jua likianza kugusa mabati, redio ya muji ilifunguka na sauti ya Mama Mwanvua: "Kitendawili!" Na kila pahali, jikoni, sokoni, kwenye njia ya shamba ambako redio ndogo imefungwa kwenye usukani wa baisikeli, watu waliitika "Tega!" kama vile anawasikia. Alitega, akacheka kidogo, ndipo akaanza habari: nani amepotelewa na mbuzi, masomo itafunguka lini, barabara ya Kabambare imekatika wapi. Jibu la kitendawili, mupaka kesho.

Lakini siku yenye tangazo la kifo, ile komunike, Mwanvua hakutega. Alisema tu, "Jambo, watu wa Kasongo," akanyamaza kidogo. Basi. Wanawake waliondoa vyungu jikoni. Waliokuwa njiani na majembe walisimama. Wale wenye watoto mbali walikaa chini, maana habari mbaya haifai kumukuta mutu amesimama. Hakuna aliyeagiza hivyo, wala haikuandikwa pahali. Mwanvua alianza asubuhi moja ya zamani, alipokuwa na habari ya kifo cha mutoto mudogo na kinywa chake kikakataa kuchezea maneno mbele ya kifo hicho. Tangu pale ikabaki, kama njia ya miguu inavyobaki katika majani.

Na kulikuwa jambo lingine. Habari za vifo zililetwa na watu wa pikipiki, wale wanaotoka Kabambare na kule Salamabila kwenye dhahabu, nyusi nyekundu kwa vumbi. Walimwambia Mwanvua kwa kinywa. Naye, kabla ya kukaribia mikro ya kusemea, alijitupia kitenge begani akaenda kubisha hodi kwenye nyumba iliyofiwa. Alitafuta shangazi, ao mujomba, ao jirani mwenye moyo, akamunong'oneza, akangoja mupaka aone mama wa marehemu amekamatwa na mikono ya watu. Ndipo alirudi kusema. Muji uliambiwa na redio; mama aliambiwa na mutu.

Mwanvua mwenyewe alijua kungoja habari. Binti yake Soraya aliolewa Kabambare, na hatari ya njia ya Kabambare kila mutu anaijua.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Régina, Mukristo wa watu wa shamba, mukubwa wake kidogo kwa umri. Mwanvua alimwita yaya, dada mukubwa. Mume wa Régina alikufa zamani, akamwachia mutoto mumoja, Nathanaël, na kinu. Régina alitwanga mupunga wa watu. Wenye magunia walimuletea, naye akatwanga na wenzake, mitwangio ikipokezana, hata watu wa mutaa wakasema kwa mzaha kwamba muazini anasikiliza kinu cha Régina ili ajue saa ya kuamka. Mutoto akasoma kwa kinu hicho.

Halafu mashine ya kukoboa ikaja sokoni. Ilimaliza gunia zima wakati Régina angali anafunga kitambaa kichwani. Wiki ile Mwanvua akaitega redioni: "Anakula mchana kutwa hashibi, anatema nyeupe, anajamba vumbi!" Kasongo nzima ilicheka. Régina pia alicheka. Kisha akageuza kinu chake juu chini, kikawa kiti cha wageni.

"Yaya, usijitese," Mwanvua alimwambia, amekalia kinu hichohicho. "Wanaoibiwa ni wenye kazi ya mikono. Angalia miye. Kazi yangu iko kinywani. Nani atatengeneza mashine ya kinywa?"

"Kile kinywa chako? Hata Shetani akikiweka kwa mashine yake, mashine inakufa."

Walicheka mupaka kuku wakakimbia.

Lakini bila kinu, masomo ya Nathanaël ilikatika. Kijana akapanda nyuma ya pikipiki kwenda Salamabila kuchimba. Siku ya kuaga alimwambia Mwanvua, "Mama mudogo, utege vigumu. Watu wa pikipiki wanatuleteaka vitendawili vyako kule shimoni, na kuna jamaa mumoja wa Kabambare anajifanya anajua vyote."

"Huyo nitamufunga kamba ya ulimi," Mwanvua akasema. "Na weye, rudi na meno yako yote."

Mukubwa mupya wa redio aliitwa Octave, kijana wa adabu aliyetoka Kindu. Hakuwa mutu mubaya, hilo lisemwe wazi. Alikuta paa linavuja na jenereta inalia njaa kila wiki. Akaleta umeme wa jua, akaleta na ordinatere, ile kompyuta, akamuketisha Mwanvua katika chumba chenye magodoro ukutani ya kuzuia makelele.

"Mama, unisomee maneno haya."

"Yote?"

"Yote. Na vitendawili vyote unavyojua."

"Mutoto wangu, nikimaliza vile ninavyojua, utakuwa na mvi."

"Ni kwa siku ile utaugua. Koo ikikauka, ordinatere inakusaidia."

Alisoma asubuhi nyingi. Alisoma majina ya vijiji na majina ya koo, ya Wazimba na ya Wabangubangu. Alikuwa na desturi ya kukohoa kidogo mbele ya kutaja jina la mutu, kama mugeni anayejitambulisha mulangoni. Akaomba radhi kwa kikohozi hicho. "Kiache, Mama," Octave akasema. "Hicho ndicho kizuri." Mwanvua alijisikia kama bibi harusi anayepambwa.

Siku moja Octave akamusikilizisha. Sauti ikatoka ndani ya ordinatere, ikitangaza chanjo ya kuku, maneno ambayo Mwanvua hakuwahi kuyasema maishani mwake. Ilikuja mupaka jina la daktari wa kuku, ikakohoa kidogo.

"Nani huyo?" Mwanvua akauliza.

"Ni weye, Mama."

"Miye niko hapa."

Octave akacheka, akidhani ni mzaha.

Basi Mwanvua akapumzishwa. Neno walilotumia ndilo hilo, kupumzishwa, kama vile aliomba. Sasa komunike zilitumwa kwa telefone, zikaingia zenyewe ndani ya ordinatere, zikasomwa zenyewe, kama maji yanavyopita katika bomba bila kuguswa na mukono. Na kwa kuwa watu walipenda vitendawili, Octave aliviweka vyote ndani, kimoja kila asubuhi, bila kukosa.

Njiani watu waliendelea kumwita. "Mama Redio! Cha leo kimetuvunja kichwa!" Angejibu nini? Kwamba amekobolewa kama mupunga? Alicheka tu, akapita. Régina ndiye aliyeuliza, maana alimuona akifagia uwanja na papo hapo anamusikia redioni.

"Siku hizi ninasema jana yake," Mwanvua akamujibu, macho kwa fagio. "Wanakamata sauti, wanaipiga leo. Direkta anapenda hivyo."

"Eh! Sasa weye ni bwana mukubwa. Unafanya kazi ukiwa umelala!"

Ulikuwa uongo mudogo, wa ukubwa wa punje. Alidhani ataumeza peke yake.

Asubuhi ile walikuwa uwanjani kwa Régina, wakimenya karanga za mbegu, maana mvua ilikuwa karibu. Sinia ilikuwa katikati yao na redio imening'inia kwenye musumari. Jana yake jioni Mwanvua alikula papo hapo, sombe ya majani ya muhogo na samaki, akaomba na chumvi.

"Kitendawili!" ikasema redio.

"Tega!" Régina akaitika, akamupiga Mwanvua goti, kwa kuwa mutegaji mwenyewe alikuwa pembeni yake.

"Ndugu wawili wamelala chumba kimoja. Ukitaka kuwaamsha, vunja nyumba."

Régina akacheka hata maganda yakamumwagikia mapajani. "Ah, Mwanvua! Jibu iko hapa kwa sinia! Ulipanga, weye. Ulijua leo tutamenya karanga!"

"Labda," Mwanvua akasema, naye anacheka, maana kitendawili hicho alikipenda tangu utoto. Hata yeye aliyejua jinsi mambo yalivyo alijisahau. Siku imepata kitendawili, akawaza, hakuna aliyekufa.

Sauti ikatangaza mbuzi aliyepotea. Ikatangaza chanjo. Halafu, kwa uchangamfu uleule, ikasema, "Komunike," ikakohoa kidogo. "Mama Régina wa hapa Kasongo anajulishwa kifo cha mutoto wake Nathanaël, aliyefunikwa na udongo shimoni, Salamabila. Mazishi yamefanyika kulekule. Na sasa, bei za sokoni."

Régina alikuwa angali na kicheko usoni. Kilikosa njia ya kutokea. Mukono wake ulivunja ganda lingine, ukatoa karanga mbili, ukaziweka vizuri pamoja na zingine. Ndipo akageuza kichwa.

"Jana," akasema.

"Yaya..."

"Unasemaka jana yake. Weye mwenyewe uliniambia. Basi jana ulijua. Jana ulikaa hapa ukakula sombe yangu, ukaniomba chumvi, na mutoto wangu alikuwa amekufa kinywani mwako."

"Yaya, si miye. Naapa mbele ya Mungu. Ni mashine. Waliweka sauti yangu ndani ya mashine."

"Mashine," Régina akarudia polepole. "Mashine inakohoaka?"

Halafu sauti ikamutoka, na watu wa mutaa wakaanza kukimbilia pale, wengine na mikono yenye unga. Mwanvua, aliyewatafutia mama wengi mikono ya kuwakamata, alinyoosha yake. Régina akaikwepa. Sinia ikapinduka, mbegu zikamwagika mavumbini.

Kwenye kilio Mwanvua alichota maji. Alichota mupaka mapipa yakajaa, akaendelea kuchota. Alijaribu kumweleza huyu na yule, lakini maneno yake yalikuwa na mguu mumoja: walimuuliza kama kweli alisema anatangaza jana yake, naye akasema ndiyo, nilisema, nilidanganya. Mutu aliyedanganya jana, nani atamuamini leo? Arlette, muuza mawese, alisema kwa nguvu ili wote wasikie:

"Amekaa na kifo mufukoni akimenya nacho karanga. Na kitendawili juu yake! Hata mbwa anaheshimu maiti."

"Anasema si yeye," mwingine akadakia.

"Leo si yeye. Kesho atasema hata kinywa si chake."

Octave aliporudi kutoka safari ya Kindu, Mwanvua alimungoja mulangoni pa redio. Kijana alikuwa amekwisha kusikia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, ujumbe uliingia alfajiri. Miye nilikuwa njiani. Hakuna mutu aliyeusoma."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja. Inasoma yenyewe, Mama. Ndiyo kazi yake."

"Na kitendawili, je?"

"Kitendawili kina kosa gani?"

Mwanvua akamweleza. Kwamba siku ya kifo haina kitendawili. Kwamba watu wanakaa chini kwanza. Kwamba nyumba inabishwa hodi kabla ya kukaribia mikro. Octave alisikiliza, kisha akakaa juu ya ngazi.

"Juu ya nini hukuniambia, Mama? Asubuhi zote zile tulizokaa pamoja mule ndani?"

Mwanvua alitafuta jibu kwa kweli, maana swali halikuwa na ubaya. "Sikujua kama ni kitu cha kuambia," akasema. "Nilidhani ni vile watu walivyo."

Akakaa pembeni ya kijana, juu ya ngazi.

"Nisaidie kitu kimoja," akasema Mwanvua. "Sema redioni kwamba si miye niliyesema. Unirudishie yaya wangu."

"Nitasema, Mama. Kesho asubuhi."

Octave alitimiza. Lakini mutu aliyezoea bomba hachoti tena kwa mukono. Aliandika maneno vizuri, kwa huruma, akayaingiza pahali alipozoea kuingiza maneno yote. Kesho yake Mwanvua alikuwa sokoni, amesimama mbele ya Arlette kwa makusudi, ili wasikie pamoja. Redio ikafunguka. Baada ya kitendawili na bei ya mupunga, sauti ya Mwanvua ikasema:

"Tangazo. Sauti hii munayosikia si sauti ya," ikakohoa kidogo, "Mama Mwanvua. Mama Mwanvua hakujua kifo cha marehemu. Musimulaumu."

Kwanza vichwa vyote viligeukia Mwanvua. Halafu mutu akapiga kofi.

"Munasikia? Anajikana!"

"Si yeye! Yeye si yeye!"

Arlette alishika tumbo kwa kucheka, huku anapangusa machozi. Mwanvua alifungua kinywa kusema neno, neno lolote, na kicheko kikapanda upya, maana sauti iliyotoka ilikuwa ileile iliyotoka kwenye redio. Akafunga kinywa. Jioni yake watoto wa mutaa walikuwa na muchezo mupya: mumoja anakohoa, anasema "Miye si miye," wengine wanaitika "Tega!"

Tangu siku ile Mwanvua alisema kidogo sana. Dukani alionyesha chumvi kwa kidole. Hata kwenye sala alisogeza midomo tu. Kila alipotoa sauti aliona vichwa vinageuka, na akajua kwamba watu hawakumuona yeye, waliona asubuhi ile.

Lakini kila siku alikwenda kwa Régina. Aliingia bila hodi, maana hodi inataka sauti, akakaa ng'ambo ya sinia. Régina hakumufukuza, wala hakumusemesha. Zile mbegu zilizomwagika waliziokota pamoja, bila neno, wakazipuliza vumbi. Mvua ikanyesha, karanga zikapandwa, zikatoa maua ya manjano, zikang'olewa. Mwanvua alilima mistari yake, Régina yake. Jioni Régina aliweka chakula katika sahani mbili. Mwanvua akala bila chumvi.

Katikati ya majira yale ya mvua Octave alipita uwanjani kwa Régina kumusalimia, amefurahi kama mutu aliyebeba zawadi.

"Mama, nimetengeneza. Ikiingia komunike ya kifo, kitendawili kinazimika chenyewe. Inasema 'Jambo, watu wa Kasongo,' inanyamaza kidogo, kama weye. Sasa inajua. Aksanti kwako."

Mwanvua aliinamisha kichwa kumushukuru. Baada ya kijana kwenda, alikaa kitambo juu ya kinu cha Régina kilichogeuzwa. Walikuwa wamechukua kinu, akawaza, na miye nimewakimbilia na mutwangio.

Asubuhi moja ya kiangazi walikuwa tena uwanjani, wakimenya karanga mupya. Redio ilikuwa imerudi kwenye musumari wake. Régina hakuitaka, lakini mutu aliyefiwa anataka kujua nani mwingine amefiwa. Jua likagusa mabati. Redio ikafunguka.

"Jambo, watu wa Kasongo."

Kisha kimya.

Ng'ambo ya ukuta mutu aliondoa chungu jikoni. Walisikia kifuniko kikilia. Njiani baisikeli ilifunga breki. Mutaa wote ulikaa chini, kama zamani, kama vile hakuna kilichobadilika.

Régina hakuwa na mutoto mwingine wa kupoteza, lakini mikono yake ilisimama. Akainua uso, akamuangalia Mwanvua. Ndivyo Kasongo yote ilivyofanya zamani asubuhi kama hizo, waligeuza uso upande wa Mwanvua, maana yeye alijua.

"Nani?" Régina akauliza.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Mwanvua tangu mbegu zilipomwagika.

Mwanvua akafungua kinywa. Sauti ikatoka nzito, yenye kutu. "Sijui, yaya."

"Hujui?"

"Sijui kitu. Hakuna mutu anayeniambiaka. Ninangoja kama weye."

Régina alimutazama. Aliona kiganja chake kimebana karanga moja mupaka ganda limemuingia nyamani. Akakumbuka kwamba Mwanvua ana binti Kabambare. Na akaona, kwa uso ule, kwamba mutu huyu hakujua asubuhi hii, na hakujua asubuhi ile nyingine.

Alisukuma sinia kando, akajivuta juu ya mukeka mupaka magoti yao yakagusana, akamukamata Mwanvua mikono yote miwili, kwa nguvu, juu ya viwiko, jinsi anavyokamatwa mama kabla ya kuambiwa.

Redioni, Mwanvua akakohoa kidogo.